Kiangazi cha Kigoma na ngozi inayowasha: anza na sabuni

*Kuanzia Juni hadi Septemba watu wa Kasingirima na Ujiji hutafuta losheni, tyubu na mafuta ya mise (kokwa za chikichi) kwa ajili ya ngozi iliyopauka na kuwasha. Dawa ya wengi wao ni rahisi kuliko vyote hivyo, na ndiyo maana haitangazwi.*

Asubuhi ya Julai kwenye mwambao wa Ujiji, dagaa wakishatandazwa juani, wanawake hupita katikati yao wakiwageuza kwa mikono mitupu. Mikono hiyo ndiyo ya kutazama. Kuanzia kwenye kiwiko cha mkono kushuka hadi vidoleni ngozi imegeuka kijivu kama iliyopakwa majivu, juu ya vifundo vya vidole imechanika mistari midogo midogo, na katikati ya vidole pamekuwa peusi na pagumu kwa kukunwa. Kazi ikiisha mikono huoshwa kwa sabuni ya mche na maji ya ziwa mpaka harufu ya samaki itoke. Huoshwa tena kabla ya kula, na mara nyingine tena baada ya kula. Usiku muwasho huanza.

Kesho yake safari ni ya dukani. Kwenye rafu moja ya duka la mtaa huu vinapangwa pamoja mafuta ya mgando, losheni za chupa, krimu za makopo zenye picha ya msichana mweupe, tyubu ndogo nyeupe zenye maandishi ya kitabibu, na chupa za maji ya kunywa zilizojazwa upya mafuta ya mise. Mteja husema neno moja tu, "inawasha", naye muuzaji hunyoosha mkono. Mkono huo unapoelekea ndiko mkasa wa ngozi ya kiangazi unakoamuliwa, maana baadhi ya vitu vya rafu hiyo huponya, vingine havina faida wala hasara, na vingine huacha madhara ya miaka.

Hoja ya makala haya ni hii: sehemu kubwa ya muwasho wa kiangazi katika mji huu husababishwa na jinsi tunavyoosha miili yetu, na hewa kavu huja kuzidisha tu. Losheni ya bei haiwezi kurudisha jioni kile ambacho sabuni imekwisha kukitoa mara tatu tangu alfajiri. Wapo watakaoipinga hoja hii, na pingamizi zao si za kupuuzwa. Wengine watayalaumu maji ya ziwa, wengine watasema usafi kwanza, na wengine watauliza kwa nini mkoa wa michikichi ufundishwe kupaka mafuta yanayotokana na petroli.

Upepo mkavu, usiku wa ubaridi

Kigoma haijui theluji, lakini ina majira yake ya ukavu. Mvua zinazoanza Oktoba au Novemba hukatika mwezi wa Mei, na kuanzia hapo mji huishi na jua la mchana, ubaridi wa usiku na pepo za kusini mashariki zinazolipitia ziwa kwa urefu wake. Mtu angedhani kwamba ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, lingetosha kuulowesha mji mwaka mzima. Halitoshi. Upepo wa msimu huu hutoka bara palipokauka, vilima vimechomwa moto, vumbi limejaa barabarani, na hewa inayoigusa ngozi inanyonya maji kila inapoyakuta. Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani hupata jambo hilo hilo ifikapo Januari: hewa ya baridi hubeba mvuke mchache, na vipasha joto vya ndani huzidi kuikausha. Huko na huku, ngozi hupoteza maji haraka kuliko inavyoyapata.

Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile linalotukinga, ni jembamba kuliko karatasi katika sehemu nyingi za mwili. Linafanana na ubavu wa mtumbwi wa mbao: seli zilizokufa ndizo mbao zenyewe, na mafuta yaliyojazwa katikati yake ndiyo kalafati. Mtumbwi uliopandishwa mchangani kiangazi kizima hufunguka maungio, na siku ukirudishwa majini unavuja. Ngozi iliyopoteza mafuta yake huvuja pande zote mbili. Maji ya mwilini hutoka, na sabuni, vumbi, jasho, manukato na vijidudu huingia mahali ambapo havikupaswa kufika. Mishipa ya fahamu iliyo chini yake huamka, nasi tunaita hali hiyo kuwashwa. Kujikuna huongeza nyufa, nyufa huongeza muwasho, na mzunguko huo ukikaa wiki kadhaa ngozi hujijenga kuwa nene na nyeusi ili kujilinda.

Watu hawaanzi mahali pamoja. Mzee aliyevuka miaka 60 ana ngozi inayotengeneza mafuta kidogo, na miguu yake, hasa mbele ya muundi, hukauka kabla ya mwili mwingine. Mtoto mwenye pumu ya ngozi mara nyingi huwa amezaliwa katika ukoo wenye pumu ya kifua au mafua ya mzio, na kinga yake ya juu ina upungufu tangu awali. Mwanamke wa dagaa, mama lishe, fundi ujenzi anayeshika saruji na muuguzi wa zahanati wana jambo moja la kufanana: mikono inayolowa na kukauka mara nyingi kwa siku. Hawa wote kiangazi huwakuta tayari wamepungukiwa.

Sabuni inapotoa zaidi ya uchafu

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Kipimo chake cha pH ni kama 5. Sabuni ya kawaida, iwe ya kiwandani au ya kuchemshwa nyumbani, ina pH ya 9 hadi 10. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu vimeng'enya vinavyotengeneza mafuta ya katikati ya seli hufanya kazi vizuri palipo na uchachu, na palipo na alkali huvurugika. Zaidi ya hapo, sabuni haijui kutofautisha mafuta ya samaki na mafuta ya ngozi yako. Inaondoa yote kwa pamoja. Mtu mwenye ngozi imara huyarudisha mafuta hayo baada ya saa chache. Mwenye ngozi dhaifu, katika hewa ya Julai, huoga tena kabla hajamaliza kuyarudisha.

Sabuni ya kienyeji ya mkoa huu ina utetezi wake, na ni wa haki. Inapochemshwa kwa mawese na kostiki, gliserini inayozaliwa hubaki humo humo, ilhali viwanda vikubwa kwa kawaida huitoa na kuiuza peke yake. Gliserini huvuta maji na kuyashika, kwa hiyo kipande kilichotengenezwa vizuri kinaweza kuwa laini kuliko cha dukani. Kasoro iko kwenye kipimo na subira. Kostiki ikizidi hata kidogo haina mafuta ya kuimaliza, na ziada hiyo humalizia kazi yake kwenye mwili wa muogaji. Kipande kilichokatwa leo na kuuzwa kesho huwa kikali kuliko kilichoachwa kikauke kwa wiki nne hadi sita. Mtengenezaji anayepima kwa mizani na kusubiri anastahili kulipwa zaidi ya yule anayekadiria kwa jicho, na mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Kuna jambo la ajabu kidogo kuhusu mise, zile kokwa za ndani ya chikichi. Karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, ambayo ndiyo hufanya sabuni itoe povu jingi hata kwenye maji magumu. Lakini sabuni za asidi hiyo ndizo zinazokera ngozi kuliko nyingine. Mafuta yale yale yakipakwa kama mafuta hulainisha, na yakigeuzwa kuwa sabuni hukausha. Kwa hiyo anayesifu povu la sabuni yake mpya anasifu, bila kujua, kile kinachomwasha.

> Mafuta yale yale yakipakwa hulainisha, na yakigeuzwa kuwa sabuni hukausha.

Ndipo wanapoingia wanaoyalaumu maji. Maji ya Tanganyika, ambayo ndiyo hupampiwa kwenye mabomba ya mji, yana pH inayokaribia 9 na magnesiamu nyingi. Je, si yenyewe yanayotukausha? Uingereza walilijaribu swali linalofanana na hili. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 336 wenye pumu ya ngozi, ambapo nusu yao walifungiwa nyumbani mitambo ya kulainisha maji magumu. Ngozi zao hazikupata nafuu kuliko za wenzao. Mwaka 2018 watafiti wa Sheffield wakaonyesha upande mwingine: maji magumu huifanya sabuni ing'ang'anie kwenye ngozi hata baada ya kusuuza, na mabaki hayo ndiyo yanayokera. Ukiyaweka matokeo hayo pamoja, jibu linarudi palepale. Hatuwezi kubadilisha maji ya ziwa, lakini tunaweza kupunguza kile tunachokichanganya nayo, na kusuuza vizuri.

Pingamizi la usafi ni zito zaidi. Mei 2015 kipindupindu kilipozuka Kagunga, kaskazini mwa hapa, kati ya wakimbizi waliokuwa wakitoka Burundi, sabuni na maji safi vilikuwa ni uhai. Hakuna mwenye akili atakayewaambia watu wa mwambao huu waache kunawa mikono kwa sabuni baada ya chooni na kabla ya kula. Lakini kunawa mikono ni jambo moja, na kujisugua mwili mzima kwa sabuni ya kufulia na dodoki mara mbili kwa siku ni jambo jingine. Kwapa, sehemu za siri, nyayo na mikono vinahitaji sabuni. Mgongo, mapaja, mikono ya juu na miundi havihitaji kila siku. Vumbi la Ujiji hutoka kwa maji matupu. Dodoki lipumzike Julai na Agosti. Maji ya moto yanayopendwa asubuhi za ubaridi yawe vuguvugu, kwa kuwa joto huyeyusha mafuta ya ngozi kama linavyoyeyusha mafuta ya sufuria, na dakika tano za kuoga zinatosha. Sabuni ya unga na sabuni ya mche zibaki kwenye nguo.

Katika mji wenye Waislamu wengi kama huu, swali la udhu lazima lijibiwe. Udhu hauna sabuni, kwa hiyo hauna kosa hilo. Hata hivyo mikono na miguu inayolowa mara tano na kukaushwa na upepo hupoteza maji kila mara, hasa kwa wazee. Suluhisho ni la mpangilio tu: mafuta yapakwe baada ya udhu, ngozi ikiwa bado na unyevu, na si kabla yake, ambapo tabaka nene lingeleta swali la kama maji yamefika.

Mise: sifa yake na mpaka wake

Kigoma ndio mkoa wa michikichi nchini, na tangu 2018 serikali imeweka nguvu kwenye zao hili, ikiwemo kazi ya kuzalisha miche bora katika kituo cha utafiti cha Kihinga. Si ajabu basi kwamba bibi wa Kasingirima akimwona mjukuu amepauka, kitu cha kwanza anachofikiria ni mafuta ya mise. Kuna wanaoona jambo hilo kuwa ushamba. Mimi sioni hivyo. Kwa muundo wake mafuta ya mise ni ndugu wa mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yamepimwa. Mwaka 2004 huko Ufilipino watu 34 wenye ngozi kavu walipaka ama mafuta ya nazi ama mafuta ya madini yaliyosafishwa, na makundi yote mawili yalipata nafuu inayolingana. Utafiti mwingine wa huko huko, wa 2008, uliyakuta mafuta ya nazi yakipunguza bakteria wa usaha kwenye ngozi za wenye pumu ya ngozi kuliko mafuta ya zeituni. Bibi hakukosea sana.

Mipaka ipo, na iko wazi. Kwanza, usafi wa mafuta yenyewe: yanayotolewa kwa mise zilizokaangwa huwa ya kahawia na yenye harufu ya moshi, na chupa iliyokaa juani dukani huchacha. Mafuta yaliyochacha huwasha. Pili, si kila mafuta ya mimea ni rafiki. Asidi ya oleiki hulegeza mpangilio wa mafuta ya ngozi, na ndiyo sababu mafuta ya zeituni, yenye wingi wa asidi hiyo na yanayouzwa kwa bei kama dawa ya kila kitu, yalionekana kuidhoofisha kinga ya ngozi katika utafiti wa Sheffield wa 2013. Mawese mekundu nayo yana kiasi kikubwa cha asidi hiyo, mbali na kutia madoa kwenye shuka. Mafuta ya alizeti, ambayo Singida na Dodoma hutuletea kwa ajili ya kupikia, yana sifa nzuri zaidi: katika hospitali moja ya watoto mjini Dhaka, Bangladesh, watoto njiti waliopakwa mafuta hayo walipata maambukizi pungufu kwa asilimia 41 kuliko ambao hawakupakwa, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2005. Hao walikuwa watoto njiti wodini, si wavuvi, lakini funzo kuhusu ngozi dhaifu linabaki.

Kopo la bei ndogo

Kwa hukumu yangu, kama nyumba ina fedha ya kitu kimoja tu, kiwe mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Yamekuwepo tangu Robert Chesebrough alipoyapatia hataza Marekani mwaka 1872, hayachachi, hayaliwi na wadudu, na kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi yako hakuna kitu cha bei hiyo kinachoyashinda. Kwa nini basi yanadharauliwa? Kwa sababu ni ya bei ndogo, yanateleza, na kuna imani kwamba yanaziba vinyweleo na kuinyima ngozi pumzi. Ngozi haipumui kwa namna hiyo. Sehemu kubwa ya oksijeni yake hutoka kwenye damu. Utafiti wa 1992 ulionyesha kwamba mafuta haya hujipenyeza katikati ya seli za tabaka la juu na kuiacha kinga ijitengeneze chini yake. Kwa mwenye chunusi za uso, asipake usoni. Kwa mwili uliobaki hofu hiyo haina msingi.

Je, krimu ya gharama si bora? Swali hilo lilipelekwa kwa watoto 550 wa Uingereza wenye pumu ya ngozi, wakagawiwa losheni, krimu, jeli au mafuta mazito. Matokeo ya 2022 hayakuonyesha aina iliyozishinda nyingine kwa kupunguza ukali wa ugonjwa. Tofauti ilikuwa kwenye nani aliipenda na hivyo akaitumia. Ndiyo kusema mafuta bora ni yale utakayoyapaka kila siku bila kununa. Anayechukia mnato wa mafuta ya mgando mchana kwenye jua la Kigoma apake mise au losheni isiyo na manukato asubuhi, na ayatumie ya mgando usiku. Cha kuangalia ni muda: ndani ya dakika chache baada ya kuoga, mwili ukiwa umefutwa kidogo na bado una unyevu. Mafuta hayaleti maji, hufungia yaliyopo. Anayejipaka akiwa amekauka kabisa anafungia ukavu.

Lazima pia niseme ambacho mafuta hayawezi. Kwa miaka kadhaa ilitumainiwa kwamba mtoto mchanga akipakwa kila siku hatapata pumu ya ngozi. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa watoto 1,394, uliochapishwa 2020, ulilikata tumaini hilo: kupaka mwaka mzima wa kwanza hakukuzuia ugonjwa. Mafuta hutuliza ngozi kavu, hayafuti alichorithi mtoto. Na tahadhari moja kwa wapishi na kwa wanaolala karibu na jiko la mkaa: nguo na shuka zilizolowa mafuta ya kupaka, ya aina yoyote, hushika moto upesi na huwa ngumu kuzimika.

Tyubu nyeupe na mkorogo

Turudi kwenye rafu. Wauzaji wengi hawachukui mafuta ya mgando. Huchukua tyubu ndogo, kwa sababu mteja anataka nafuu ya usiku huo, na tyubu humpa. Ndani yake mara nyingi kuna steroidi kali, clobetasol au betamethasone, majina yanayosomeka kwenye boksi kwa herufi ndogo. Steroidi si sumu. Mikononi mwa mtabibu, nguvu ikichaguliwa kulingana na sehemu ya mwili na siku zikihesabiwa, ndiyo dawa ya kweli ya pumu ya ngozi iliyochachamaa, na mzazi anayeikataa kwa hofu humwacha mtoto akikesha bure. Tatizo ni steroidi kali inayopakwa usoni, kwenye mapaja ya mtoto au mwili mzima kwa miezi, bila mtu kujua ni nini. Ngozi hukonda, michirizi hutokea, chunusi hulipuka, na fangasi waliofichwa na nafuu ya juu juu huenea kimya. Dawa ikiachwa ghafla muwasho hurudi kwa kishindo, mteja naye hurudi dukani kuchukua tyubu nyingine.

> Dawa ikiachwa ghafla muwasho hurudi kwa kishindo, mteja naye hurudi dukani.

Jirani wa tyubu hiyo ni mkorogo. Krimu za kung'arisha zenye zebaki au haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, na tangu Julai 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuondoa kabisa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, bila kujali kiasi chake, ifikapo 2025. Lakini Tanganyika ni ziwa la nchi nne, lenye bandari ndogo na mialo mingi, na kopo la krimu halichukui nafasi kubwa kwenye mzigo. Ngozi iliyokorogwa hukonda, huungua na jua, na kiangazi huwasha kuliko nyingine. Zebaki nayo huishia kwenye figo. Wapo wanaosema mwili ni wao na uamuzi ni wao. Sawa, lakini uamuzi huo hauwezi kuitwa huru wakati maandishi ya kopo yanaficha kilichomo, na mtoto anayenyonya na kulala kifuani kwa mama hakuulizwa.

Muwasho usiotokana na ukavu

Kosa la mwisho ni kuulaumu upepo kwa kila kitu. Muwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na ulioshika zaidi ya mtu mmoja nyumbani, karibu kila mara ni upele. Hausikii mafuta wala losheni. Shirika la Afya Duniani liliuingiza mwaka 2017 kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na tiba yake, iwe dawa ya kupaka ya BBE au nyingine atakayoamua mtabibu, hupewa nyumba nzima kwa wakati mmoja, wenye muwasho na wasio nao. Kumtibu mtoto mmoja kati ya sita ni kupoteza fedha. Muwasho unaoanza muda mfupi baada ya kutoka kuoga ziwani waweza kuwa wa vijidudu vya kichocho vikipenya ngozi, na kichocho kipo mwambao huu. Mabaka ya duara yenye ukingo ulioinuka ni ya fangasi. Muwasho wa mwili mzima usio na vipele vyovyote vinavyoonekana, na usiokoma, unaweza kuwa dalili ya figo, ini au kisukari, na VVU navyo vina vipele vyake vinavyowasha sana. Vidonda vya kujikuna vyenye usaha kwa mtoto visichezewe, kwa kuwa aina fulani ya bakteria wake huweza kudhuru figo wiki kadhaa baadaye.

Wataalamu wa kutofautisha haya hawapo kila mahali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kilichoanza 1992, kimefundisha waganga na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika, lakini Moshi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Hiyo ndiyo sababu uamuzi wa kwanza hubaki kwa muuzaji wa duka, na ndiyo sababu Manispaa ya Kigoma Ujiji ingefanya jambo la maana kuhakikisha mambo mawili: zahanati zake zina mafuta ya kawaida ya kupaka ya kutosha katika miezi hii, na maduka hayatoi steroidi kali bila cheti cha mtabibu. La kwanza ni la gharama ndogo. La pili halihitaji sheria mpya.

Kwa msomaji ambaye amepunguza sabuni, ameacha dodoki na amepaka mafuta kila siku kwa wiki mbili bila nafuu, asinunue kopo jingine. Aende kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni akipewa rufaa, na abebe kwenye mfuko kila kopo, chupa na tyubu aliyokwisha kupaka, pamoja na kipande cha sabuni anachoogea.